Mazungumzo ya Mwezi: Mwenye Mnyama na Haki ya Jirani Yake

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote, wenye kusema na wasioweza kusema. Na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake na sahaba zake wote.

Wasomaji wetu watukufu, mwezi uliopita tuliletewa barua mbili zilizotoka katika mtaa mmoja, tena katika nyumba mbili zinazogawana ukuta mmoja. Barua ya kwanza imeandikwa na mama mjane mwenye kufuga kuku uani pake. Mayai na vifaranga vya kuku hao ndivyo vinavyomsaidia kuwasomesha wanawe. Barua ya pili imeandikwa na baba wa nyumba ya pili, ambaye mwanawe wa miaka tisa alimlea paka tangu paka huyo alipokuwa hajafunua macho. Hatutawataja kwa majina wala kuutaja mtaa wao, kwani haja yetu ni kusuluhisha, si kufedhehesha.

Khabari yenyewe ni hii. Paka aliruka ukuta akala vifaranga 3. Yule mama akaenda kwa jirani yake akamweleza kwa upole, naye akamjibu: "Dada yangu, paka ndivyo alivyoumbwa, wewe vifunike vifaranga vyako." Baada ya siku chache paka akarudi, akala 4. Mama akaenda tena, na jawabu ikawa ile ile. Mara ya tatu zilipokwenda roho za vifaranga 5 asubuhi moja, yule mama hakwenda tena kwa jirani. Alitwaa kichwa cha samaki, akakipaka sumu ya panya, akakiweka juu ya ukuta. Paka akala, akarudi kwao, akafia kizingitini mbele ya macho ya yule mtoto.

Tangu siku hiyo nyumba mbili hizi hazisalimiani. Wanaume wa upande huu na wa upande ule wanasali katika safu moja, na wakitoa salamu ya kumaliza sala kila mmoja huona taabu kugeuza uso wake upande aliko mwenziwe. Watoto wao wamekatazwa kuketi pamoja chuoni. Na kila mmoja katika barua yake atuuliza swali moja tu: "Je, haki si yangu?"

Huenda msomaji akacheka na kusema: Watu wazima wanagombana kwa paka na vifaranga! Lakini sisi hatukucheka. Ugomvi mwingi unaovunja ujirani hauanzi kwa mambo makubwa. Huanza kwa mbuzi aliyeingia shambani, kwa punda aliyefungwa penye njia ya watu, kwa mbwa anayebweka usiku kucha, kwa jogoo na kwa paka. Na dini yetu haikuyaacha mambo haya bila ya hukumu. Basi twaona ni wajibu wetu mwezi huu kueleza, kwa kadiri ya nafasi yetu, nini haki ya mwenye mnyama, nini wajibu wake, na nini haki ya jirani yake.

Kwanza yapasa ifahamike kwamba kufuga mnyama si kosa. Paka si najisi. Imepokewa kwa Abu Qatada, radhi za Mungu ziwe juu yake, kwamba aliinamisha chombo chake cha maji ya kutawadhia ili paka anywe, kisha akamweleza mke wa mwanawe aliyekuwa akimtazama kwa mshangao kuwa Mtume, rehema na amani zimshukie, alifundisha ya kwamba paka si najisi, bali ni miongoni mwa wanaotuzunguka majumbani mwetu. Na nduguye mdogo Anas bin Malik, aliyeitwa Abu Umayr, alikuwa na ndege mdogo wa kuchezea. Ndege huyo alipokufa, Mtume alimwuliza mtoto khabari zake kwa maneno ya upole na utani. Wanavyuoni wametoa katika hadithi hiyo dalili kuwa yajuzu mtoto kufuga ndege, maadam hamtesi. Basi yule mtoto wa miaka tisa hakukosea kumpenda paka wake, na yampasa kila mtu mzima ajue kuwa huzuni yake ni huzuni ya kweli.

Lakini anayefuga amejitwika amana. Twajua sote khabari ya mwanamke aliyeingia motoni kwa sababu ya paka aliyemfunga, asimlishe wala asimwache ajitafutie. Na twajua khabari ya mtu aliyeshuka kisimani akateka maji kwa kiatu chake ampe mbwa mwenye kiu, na Mungu akamsamehe dhambi zake. Juu ya msingi huu wanavyuoni wa madhehebu yetu ya Shafi wamesema waziwazi kuwa ni wajibu juu ya mwenye mnyama kumpa chakula na maji. Akikataa, na mnyama ni wa kuliwa, hulazimishwa na hakimu amlishe au amwuze au amchinje. Na akiwa si wa kuliwa, hulazimishwa amlishe au amwuze. Tena wakasema haijuzu kukamua maziwa hata mtoto wa mnyama akadhurika. Tazameni, wasomaji, jinsi mnyama asiyeweza kwenda kwa hakimu alivyopewa haki ya kutetewa na hakimu.

Na wajibu huu leo umo pia katika sheria za serikali. Kenya iko Sheria ya Kuzuia Ukatili kwa Wanyama, Sura ya 360. Na Tanzania iko Sheria ya Ustawi wa Wanyama, Na. 19 ya mwaka 2008. Mwenye kumpakia punda mzigo usiochukulika, au kumpiga juu ya donda, asidhani kuwa ni mali yake na hana wa kumwuliza. Duniani yuko wa kumwuliza, na akhera yuko mkubwa zaidi.

Sasa tuje kwenye madhara anayoyafanya mnyama kwa mtu mwingine. Na hapa ndipo penye ugomvi.

Katika Sura ya Al-Anbiyaa, Aya ya 78 na ya 79, Mwenyezi Mungu ametutajia khabari ya Manabii wawili, Daud na mwanawe Sulaiman, amani iwe juu yao, walipohukumu katika shamba ambalo kondoo za watu ziliingia usiku zikalila. Wafasiri wametueleza kuwa Daud alihukumu kondoo wapewe mwenye shamba, wawe badala ya mimea iliyoharibika. Sulaiman akaona hukumu nyingine: mwenye shamba apewe kondoo kwa muda tu, atumie maziwa yao na sufi yao na watoto wao; na mwenye kondoo alitwae shamba alitengeneze mpaka lirudi kama lilivyokuwa; kisha kila mmoja arudishiwe mali yake. Na Mungu ametaja kuwa alimfahamisha Sulaiman, na kwamba wote wawili aliwapa hekima na elimu.

Katika khabari hii mna mafunzo mawili makubwa. La kwanza, mwenye mnyama hana ruhusa ya kusema: "Ni mnyama, hana akili, mimi nifanyeje?" Madhara yana mwenye kuyalipa. La pili, malipo ni ya kurudisha kilichoharibika, si ya kumwangamiza aliyekosa. Hukumu ya Sulaiman ilimrudishia mwenye shamba shamba lake, wala haikumwacha mwenye kondoo bila ya kondoo.

Kisha ikaja Sunna ikaeleza zaidi. Ngamia wa Al-Baraa bin Azib aliingia katika bustani ya watu akaiharibu, na Mtume, rehema na amani zimshukie, akahukumu kuwa wenye mabustani wayalinde mchana, na wenye wanyama wawalinde wanyama wao usiku. Basi anachoharibu mnyama usiku kiko juu ya mwenyewe. Sababu yake ni dhahiri. Mchana watu wako mashambani mwao na wanyama wako malishoni; usiku watu wamelala na wanyama hufungwa. Kila mmoja ametakiwa kulinda katika wakati ambao kulinda kwawezekana. Na wanavyuoni wameongeza kwamba ikiwa desturi ya mji ni kinyume cha hiyo, hukumu nayo hugeuka kwa desturi. Basi katika miji ambayo desturi yake ni kufunga mbuzi mchana na usiku, mwenye kuwaachia mbuzi wakala mboga za jirani adhuhuri asije na hoja ya kuwa ilikuwa mchana. Na mwenye shamba naye, akiwaona mbuzi wakila akaketi kuwatazama ili apate kudai fidia kubwa, huyo amezembea na hana haki ya kudai.

Ama mtu akiwa pamoja na mnyama wake, amempanda au anamwongoza au anamswaga, yeye ndiye mdhamini wa anayoyaharibu, mchana na usiku. Ndugu zetu wa Lamu na wa kila mji wenye vichochoro wanalijua jambo hili vyema. Imo katika vitabu vyetu vya Fiqhi kuwa mwenye kupitisha kuni juu ya mgongo wake au juu ya mnyama, zikakwaruza jengo likaanguka, atalilipa. Na akipita sokoni penye msongamano akampasulia mtu nguo, atalipa. Pasipo na msongamano hana dhamana, ila kwa kipofu, au kwa mtu aliyempa mgongo naye hakumwonya. Basi ile kauli ya "Simile! Simile!" wanayoipiga wenye punda wetu si kelele ya bure, ni onyo ambalo Fiqhi imelitia katika mizani ya haki. Anayepiga simile ametimiza wajibu wake, na anayesikia simile akakaidi kupisha hujilaumu nafsi yake.

Tumrudie sasa paka wa barua zetu. Imam Nawawi, Mungu amrehemu, katika kitabu chake Minhaj amelitaja jambo hili hasa, kana kwamba aliziona barua zetu: paka akila ndege au chakula cha mtu, ikiwa tabia hiyo imejulikana kwake, mwenyewe atalipa, iwe usiku au mchana, kwa kauli iliyo sahihi zaidi, na ikiwa haikujulikana, hatalipa. Na wafafanuzi wa vitabu hivyo wakaeleza kuwa hukumu ni hiyo hiyo kwa kila mnyama aliyezoea kudhuru, kama vile punda mwenye kuuma. Mwenyewe hapaswi kumwachia, na akimwachia atajibu.

Basi siri ya hukumu yote ni neno moja: kujulikana. Kwa hivyo, ewe baba mwenye paka, tukupe haki yako kwanza. Vifaranga 3 vya mara ya kwanza havikulazimu kuvilipa, kwani hukuijua tabia ya paka wako. Lakini vifaranga 5 vya mara ya tatu ni deni juu yako bila ya shaka. Tabia ilikwisha kujulikana, na ukaambiwa mlangoni pako mara mbili. Ama vile 4 vya katikati, mtu anaweza kushindana nawe au kukutetea kuwa mara moja si tabia. Lakini mtu mwadilifu aliyekwisha kuambiwa huona haya kujificha nyuma ya hoja hiyo. Nasi twakushauri uvilipe. Na vile 3 vya kwanza ukivilipa pia itakuwa hisani, na hisani kwa jirani mjane haipotei kwa Mungu. Na ile jawabu yako, kuwa paka ndivyo alivyoumbwa, ndiyo iliyokufunga wewe mwenyewe, kwa kuwa umekiri kuwa wajua alivyo.

Nawe mama, twakuhurumia kwa hasara yako, wala haki yako hatuifichi. Lakini sumu haikuwa haki yako. Wanavyuoni wameruhusu kumfukuza paka mshambulizi pale anaposhambulia, kwa njia iliyo nyepesi kisha iliyo nzito kuliko hiyo, hata ikiwa hapana ila kumwua wakati ule ule ili kuokoa mali. Ama kumwua akiwa ametulia, kauli yenye nguvu ni kuwa haijuzu, kwa sababu shari yake huja mara moja moja na yaweza kuzuiwa kwa njia nyingine. Na mwenye kumwua paka wa mtu bila ya haki huwa mdhamini wa thamani yake. Juu ya hayo, Mtume wetu ametufundisha msingi mkuu, kuwa pasiwe na kudhuru wala kulipana dhara kwa dhara. Ulikuwa mdai mwenye deni. Kwa kichwa kimoja cha samaki ukawa mdaiwa.

Na liko jambo kubwa kuliko yote hayo, ambalo hata mmoja katika waandishi wetu hakulitaja. Kichwa kile cha samaki kiliwekwa juu ya ukuta wa uani, mahali wanapocheza watoto wa nyumba zote mbili. Kingeweza kuanguka. Kingeweza kuokotwa na mkono mdogo. Kuku wenyewe wangeweza kukidonoa, wakataga, au wakachinjwa na kuliwa. Tumshukuru Mungu kwamba leo twazungumza juu ya paka tu. Enyi wazazi, sumu haimjui mwizi na asiye mwizi. Msiitege uani wala njiani kwa ajili ya mnyama wa mtu, hata mkiwa na haki mara mia.

Huenda mmoja katika hawa wawili akasema: "Basi nitakwenda mahakamani." Na hapa twataka kuwaeleza vijana wetu mambo yalivyo, kwa sababu wengi wanadhani kuwa kila ugomvi wa Waislamu wawili ni wa kadhi. Katika Kenya, kwa Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 170, Mahakama ya Kadhi ina mamlaka katika mambo ya hali ya mtu, ndoa, talaka na mirathi, baina ya Waislamu walioridhika kuhukumiwa nayo. Paka na kuku hawamo. Kadhi au imamu aweza kuwasuluhisha kwa hiari yao, lakini madai ya kulipwa mali iliyoharibika hupelekwa mahakama za serikali. Na kwa madai yasiyozidi shilingi 1,000,000 iko Mahakama ya Madai Madogo, iliyowekwa kwa sheria ya mwaka 2016. Katika Tanzania, aghalabu mambo kama haya huanza kwa mjumbe au mwenyekiti wa serikali ya mtaa, na wengi humaliza hapo hapo.

Na sheria watakayoikuta mahakamani si ya Minhaj. Kenya na Tanzania zilirithi misingi mingi ya sheria ya Kiingereza. Katika sheria hiyo, mwenye mnyama wa kufugwa kama mbwa hulipa madhara aliyomfanyia mtu ikiwa mwenyewe alijua kuwa mnyama wake ana tabia ya kudhuru. Tazameni jinsi neno lile lile, kujulikana, linavyorudi. Lakini katika paka wameachana. Mwaka 1926 mahakama ya Uingereza ilihukumu kesi iitwayo Buckle na Holmes, ambayo paka wa mtu aliingia kwa jirani akaua njiwa 13 na kuku wadogo 2. Na mahakimu wakasema kuwa mwenye paka hana la kulipa, kwani paka alifuata maumbile ya paka. Hukumu za Uingereza za wakati huo haziwafungi mahakimu wetu wa leo, lakini huzisikiliza. Basi yumkini baba yule akashinda mahakamani. Na yumkini mama akajikuta ndiye mshtakiwa, kwa kuwa kumwua mnyama wa mtu kwa makusudi bila ya haki ni kosa la jinai.

Je, baba akishinda hivyo, atakuwa amepona? Hapa ndipo Mwislamu anapopambanuka. Mahakama humwambia mtu lile ambalo hawezi kulazimishwa. Dini humwambia lile analodaiwa. Ukitoka mahakamani huna deni kwa karatasi ya hakimu, na deni la vifaranga vya mjane lingali juu ya shingo yako, umefaidi nini? Twamwomba ndugu yetu alifikiri jambo hili usiku, peke yake.

Kabla ya kufunga mazungumzo yetu, hatuna budi kumtaja mbwa, kwani barua nyingine nyingi tunazoletewa zamhusu yeye. Dini yetu haikuruhusu kufuga mbwa kwa pumbao tu. Imepokewa kuwa mwenye kufuga hivyo hupungukiwa na thawabu kila siku. Imeruhusiwa kwa uwindaji, kwa kulinda wanyama na kulinda mazao. Na kauli sahihi zaidi kwa wanavyuoni wetu ni kuwa kulinda nyumba pia yajuzu, kwa kuyalinganisha na hayo. Kwa madhehebu yetu, anachokilamba kikiwa kibichi huoshwa mara saba, moja kwa udongo. Basi mwenye haja ya mbwa wa ulinzi amweke mahali pake, amfunge mchana, asimwachie njia wapitayo watu kwenda msikitini wakanajisika. Na jirani naye asifanye najisi kuwa sababu ya ukatili. Kuwafundisha watoto kumpiga mbwa mawe anapopita si katika dini. Yule aliyeshuka kisimani alisamehewa kwa ajili ya mbwa huyu huyu.

Wasomaji wetu, mbwa akimwuma mtu, msianze kwa kugombana. Anzeni kwa maji na sabuni. Lisafisheni jeraha kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15, kisha siku hiyo hiyo mtu apelekwe hospitali apate chanjo. Kichaa cha mbwa kikiisha kuonyesha dalili zake kwa mwanadamu, karibu hapana anayepona. Lakini chanjo ikiwahiwa, maradhi huzuilika. Pilipili, mafuta na hirizi si dawa yake. Na mbwa mwenyewe msikimbilie kumwua ikiwa aweza kufungwa kwa salama. Mpasheni khabari mganga wa mifugo, aangaliwe kwa siku 10, ijulikane kama ana kichaa au hana. Mwenye mbwa ana wajibu wa kumchanja na kuhifadhi cheti chake. Siku ya ugomvi cheti hicho ndicho shahidi wake wa kwanza. Na ikiwa mbwa wake amekwisha kuuma mtu mara moja, asiseme mara ya pili kuwa hakujua.

Na kwa kila jirani mwenye malalamiko twatoa nasaha hii. Mtu akidhuriwa na mnyama wa mwenziwe, na amwendee mwenyewe mapema, kwa salamu, si kwa kelele za dirishani. Amweleze mbele ya mtu mmoja au wawili wazima, na aandike siku na kilichoharibika. Kwa kufanya hivyo amefanya mambo mawili: amempa jirani nafasi ya kutengeneza, na amethibitisha kujulikana kwa tabia ya mnyama, ambako ndiko kunakothibitisha haki yake kwa Fiqhi na kwa serikali pia. Na mwenye mnyama, akijiwa na malalamiko, asijibu kwa kejeli. Aseme: "Pole, jirani, nitamfunga," na amfunge kweli. Neno hilo moja lingalisemwa siku ya kwanza, leo paka angalikuwa hai, vifaranga wangalikuwa kuku, na watoto wangalikuwa juu ya jamvi moja.

Hii basi ndiyo hukumu yetu kwa barua zetu mbili, nasi si makadhi, bali ni ndugu tulioombwa shauri. Baba na ahisabu thamani ya vifaranga, aipeleke mwenyewe kwa mkono wake, asimtume mtoto. Mama na akiri kosa la sumu, na atoe thamani ya paka au aombe kusamehewa. Na kwa kuwa paka wa namna ile hana bei kubwa sokoni, twaona deni lake kubwa ni kwa yule mtoto. Na amwite, amweleze kuwa amekosea. Mtoto akisikia mtu mzima akiomba radhi, hujifunza dini kwa namna ambayo mwalimu hawezi kumfundisha kwa kitabu. Na ikiwa kuku wa mama atazaa paka wa jirani amani, yaani ikiwa siku moja kijana yule ataletewa yai au kifaranga akifuge mwenyewe, huenda akafahamu kwa nini jirani yake alilia.

Tulipata kutaja kuwa Daud na Sulaiman wote wawili walipewa hekima, ingawa hukumu zao zilihitilafiana. Nasi twawaombea ndugu zetu hawa wapate hekima wote wawili, isiwe wa mmoja kushinda na mwingine kushindwa. Mtume wetu ameapa kuwa hakuamini yule ambaye jirani yake hasalimiki na shari zake. Na shari ya mtu si mkono wake na ulimi wake tu. Ni paka wake pia, na mbuzi wake, na mbwa wake, na sumu anayoitega.

Mwezi ujao, Mungu akipenda, tutajibu maswali tuliyoletewa juu ya miti ambayo matawi yake yamevuka ukuta wa jirani, na nani mwenye haki ya matunda yake. Na Mwenyezi Mungu ndiye Mjuzi zaidi, na kwake ndiko kuliko taufiki.